Tumbaku ya West Nile: nani anambeba mgonjwa?

Sisi wa Lobule, Rhino Camp na Imvepi tunaijua leja-leja: unaamka mapema, unalima shamba la mwenyeji, jioni unapata hela ya unga na sabuni. Leo tunaandika historia ya leja-leja moja tu, ile ya tumbaku.

Zamani za ukoloni, Waingereza waliifanya West Nile kuwa mahali pa kuchukua vibarua. Wanaume walishuka kusini kukata miwa Kakira na Lugazi. Tumbaku ilipokuja, watu waliweza kupata hela ya kodi bila kuhama kwao. British American Tobacco iliingia Uganda miaka ya 1920, na Arua, Maracha na Koboko zikaja kujulikana kwa tumbaku.

Biashara hii kawaida inaenda hivi. Kampuni inamkopesha mkulima mbegu, mbolea na dawa za wadudu. Akiuza majani, deni linakatwa hapohapo. Lakini kwenye mkataba, mkulima si mfanyakazi wa kampuni, eti anajitegemea. Na yule kibarua anayeitwa na mkulima? Jina lake haliko popote.

Sasa sikieni hatari yenyewe. Jani bichi la tumbaku lina nikotini. Likilowa umande au mvua, nikotini inaingia kwenye yale maji, na kutoka hapo inapita kwenye ngozi ya anayevuna. Unaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, unatapika. Wengine wetu tumeyapata hayo, tukasema ni malaria. Kumbe madaktari wa Florida, Marekani, waliuandika ugonjwa huu tangu 1970! Kinga yake si ngumu: glavu, nguo za mikono mirefu, koti la mvua, na kungoja majani yakauke. Lakini nani anunue glavu? Kampuni inasema mkulima, mkulima anasema hana hela, na kibarua anaingia shambani mikono mitupu.

Je, asiye na mkataba hana haki? Tuangalie Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga sumu ya risasi hapo. Phyllis Omido alifanya kazi kiwandani, mtoto wake akakutwa na risasi mwilini. Alisimama na majirani, na wengi wao hawakuwahi kuajiriwa pale. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kampuni pamoja na ofisi za serikali zikabebeshwa lawama. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Majirani wale hawakuwa na karatasi ya kazi, walikuwa na sumu mwilini, na hiyo ilitosha.

Uganda nayo ina sheria ya usalama kazini ya 2006. Tena mwaka 2007 iliridhia mkataba wa dunia kuhusu tumbaku, na kifungu cha 18 kinagusa afya ya watu kwenye kilimo chake.

Kwa hiyo tunasema: anayekopesha dawa akopeshe na glavu, na bei ya glavu isiwe deni la mkulima. Anayefaidika na jani aulize ni mkono gani ulilivuna.

Wewe umewahi kuvuna tumbaku ikiwa na umande? Tuandikie hapa chini. Na ukitapika baada ya kuvuna, mwambie daktari ulikuwa shamba gani.