Kilembe: jinsi udongo wa mgodini unavyopimwa

OLD KAMPALA, Uganda – Mfanyabiashara wa hapa anayenunua mboga au kiwanja Kasese hana budi kujua hali ya udongo wa huko. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulichimbwa tangu 1956 hadi 1982, na takriban tani milioni 15 za mabaki ziliachwa katika bonde la mto Nyamwamba. Mto ukifurika, kama ilivyotokea Mei 2013 na Mei 2020, huyasomba mabaki hadi mashambani.

Upimaji hufuata hatua nne:

1. Sampuli: Udongo wa juu, kina cha sentimita 20, huchukuliwa mashambani na pia mahali ambapo mabaki hayakufika.

2. Maabara: Hukaushwa, huchekechwa, huyeyushwa kwa asidi, kisha mtambo husoma miligramu za shaba, kobalti na nikeli kwa kila kilo.

3. Ulinganisho: Kiasi cha shambani hugawanywa kwa kile cha udongo safi. Kwa mfano, shaba ikiwa 400 shambani na 50 kwenye udongo safi, jibu ni 8, yaani mara nane.

4. Mazao: Udongo wenye asidi huachia metali kwa urahisi zaidi, hivyo mboga nazo hupimwa. Kuosha huondoa vumbi tu, si kilichokwisha ingia ndani ya jani.

Mnunuzi aulize shamba liko wapi. Msafirishaji naye asipakie mchanga wa mabaki akidhani ni wa kujengea.