Mafuta Yatokayo Mbali: Nishati na Ulinzi katika Arua na Koboko

Mwezi wa Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, na nguvu za mto Nile zikaanza kuendesha viwanda vya Uganda. Mto huo huo, ukishatoka Ziwa Albert, huingia West Nile na kuteremka polepole mpaka Nimule. Hata hivyo, nyaya za umeme wa taifa hazikufika Arua ila mwaka 2024. Kwa muda wa miaka 70 wananchi wa Arua na Koboko walikaa karibu na mto ulio mrefu kuliko yote barani Afrika, huku injini na taa zao zikitegemea mafuta yaliyoshushwa Mombasa na kusafirishwa kwa zaidi ya kilomita 1,500.

Ndugu msikilizaji uliye kambini au kituoni, habari hii si ya mafundi wa umeme peke yao. Tangu mwanzo wake imekuwa habari ya ulinzi. Askari waliyasindikiza mafuta hayo njiani, wakayasaka yalipofichwa, na kuna wakati waliyakosa kabisa wakati serikali yao ikijigamba kwamba haiogopi mtu.

West Nile iliingizwa katika Uganda mwaka 1914, baada ya kuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kisha chini ya Sudani. Wakoloni hawakuiona kuwa nchi ya kujengwa viwanda. Waliiona kuwa ghala la watu. Vijana wake walichukuliwa kukata miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi, na wengine waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi. Mahali ambapo mtu ndiye bidhaa inayosafirishwa, hapana anayeona haja ya kupeleka umeme. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964 ikakomea hapo, kando ya mto. Daraja likakamilika mwaka 1969, na tangu siku hizo kila pipa la dizeli lililokwenda Arua lilikwenda kwa lori. Koboko, iliyo mbele zaidi, karibu na mahali ambapo mipaka ya nchi tatu hukutana, ilipata kile kilichobaki.

Udhaifu wa jambo hili ulifunuliwa mwaka 1976, na waliofunuliwa walikuwa ni wanajeshi wenyewe. Idi Amin, ambaye jamaa zake ni Wakakwa wa Koboko, alikuwa amedai mwezi wa Februari mwaka huo kwamba sehemu ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. Mwezi wa Julai makomando wa Israel walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe, na ndege zao zilijaza mafuta Nairobi zikiwa njiani kurudi kwao. Amin alikasirika, na Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa. Serikali ya Kenya haikujibu kwa risasi. Ilidai tu kwamba mizigo ya Uganda ilipiwe kwanza, tena kwa fedha za Kenya, na magari ya mafuta yakasimama mpakani. Katika majuma machache jeshi lililokuwa na vifaru na ndege za MiG lilijikuta linahesabu lita. Mwezi wa Agosti wajumbe wa Uganda walikuwa Nairobi wakitia sahihi mapatano. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa jeshi lililozuiwa bila vita, kwa kufungiwa bomba tu.

Utawala huo ulipoanguka mwezi wa Aprili 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yalisonga mbele hadi Arua na Koboko, na mapema mwezi wa Juni yalikuwa yamefika mpaka wa Sudani. Mwaka uliofuata vita vilirudi West Nile, na raia ndio walioumia zaidi. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudani. Huko ugenini, katika masoko kama Ariwara, vijana wengi walijifunza kazi moja iliyowapa chakula, nayo ni kununua bidhaa upande mmoja wa mpaka na kuziuza upande wa pili.

Waliporejea katikati ya miaka ya 1980 walikuta mji umebomoka na kazi hakuna. Hapo ndipo walipotokea wale ambao Arua nzima iliwaita kwa mzaha vijana wa OPEC, kwa kuwafananisha na umoja wa nchi zinazouza mafuta duniani. Hila yao haikuwa ngumu. Mafuta yaliyopita Uganda kwenda Zaire hayakutozwa kodi ya Uganda. Kwa hiyo yalikuwa rahisi zaidi ng'ambo kuliko Arua. Vijana waliyanunua huko, wakayarudisha kwa baiskeli na kwa magari ya abiria katika madumu, wakayauza kando ya barabara. Lita ile ile iliyokwisha kupita Arua ikiwa ndani ya tangi ilirudi Arua ikiwa ndani ya dumu!

Askari wa forodha na polisi waliagizwa kuyakomesha magendo hayo, na mara kadhaa yalitokea mapambano mjini. Lakini wakubwa wa wilaya walikuwa na hesabu nyingine. Miaka ya 1990 ilikuwa miaka ya uasi wa West Nile Bank Front na baadaye wa UNRF ya pili, ambao haukumalizika mpaka mkataba wa amani uliotiwa sahihi Yumbe mwezi wa Desemba 2002. Kijana aliyenyang'anywa dumu lake angeweza kwenda msituni kutafuta bunduki. Kwa hiyo mara nyingi magendo yaliachwa yaendelee, na amani ikanunuliwa kwa petroli. Mtu aweza kuulaumu uamuzi huo kwa kufuata sheria, lakini aliyekuwa Arua wakati ule angesita kabla ya kulaumu. Gharama yake ilikuwa petroli kuwekwa ndani ya nyumba zinamolala watoto, na mafuta kumwagika katika mitaro ambayo maji yake hutiririka mpaka visimani.

Njia ya halali nayo haikuwa salama. Kuanzia mwaka 1996 waasi wa Joseph Kony walivamia magari mara kwa mara kati ya Karuma na Pakwach, na magari yalilazimika kwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa jeshi. Kila taa iliyowaka Arua katika miaka hiyo ilikuwa imelindwa na bunduki. Hata amani ilipopatikana, mwezi wa Januari 2008 ghasia za Kenya baada ya uchaguzi ziling'oa reli pale Kibera na kuyazuia magari ya mafuta. Bei zikapanda ghafula Uganda nzima, na mji ulio mwisho wa barabara hauwezi kuepukana na pigo la namna hiyo.

Kwa watu waliopitia hayo, si ajabu kwamba habari ya kuwako mafuta chini ya ardhi yao wenyewe ilipokewa kwa furaha. Mwaka 2006 Uganda ilikuwa imetangaza kwamba mafuta yamepatikana katika bonde la Ziwa Albert. Kampuni ya Neptune, tanzu ya Tower Resources ya Uingereza, ilipewa eneo la bonde la Rhino Camp, kando ya Nile. Ilichimba visima vitatu: Iti mwaka 2009, Avivi mwaka 2010 na Mvule mwaka 2012. Vyote vitatu vilitoka vikavu, na kampuni ikaondoka.

Wengi walisikitika. Lakini yafaa kutazama yale yaliyowapata jirani ambao visima vyao havikuwa vikavu. Upande wa kaskazini, Chevron iligundua mafuta karibu na Bentiu mwaka 1978. Miaka 6 baadaye wapiganaji waliishambulia kambi yake, na visima hivyo vikawa sababu mojawapo ya vita vilivyodumu hadi mwaka 2005. Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011, karibu mapato yote ya serikali yake yalitoka katika mafuta, na mapema mwaka 2012 ugomvi na Khartoum juu ya ada ya bomba uliifanya ifunge visima vyake yenyewe. Mafuta yatokayo ardhini huja na maji ya chumvi yenye sumu. Katika Unity na Upper Nile maji hayo yameachwa katika mabwawa ya wazi, na wenyeji wamekuwa wakilalamika kwa miaka mingi kuhusu visima vyao na mifugo yao.

Kusini mwa Pakwach kazi ya kuchimba katika mradi wa Tilenga ilianza mwaka 2023. Mradi huo umepangiwa visima zaidi ya 400 katika vituo 31, na vituo 10 kati ya hivyo vimo ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Bomba la kwenda Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lazima lipashwe moto njia nzima, kwa maana mafuta ya Uganda huganda kama nta yakipoa. Taka za visima vya majaribio vya mwanzo, yaani matope na mawe yaliyotolewa chini, zilikaa miaka kadhaa katika maeneo ya muda zikingoja mahali pa kusafishwa. Serikali imefanya vema kuweka katika sheria ya mwaka 2013 katazo la kuchoma gesi ovyo visimani. Lakini sheria huhitaji mlinzi, na mlinzi wa visima ni askari yule yule ambaye hajafundishwa kupima maji wala hewa.

Wako wanaosema kwamba gesi asilia ni safi, na kwamba nchi zenye gesi zimepata njia ya mkato. Ni kweli kwamba gesi ikichomwa hutoa karibu nusu tu ya hewa ya ukaa itokayo katika makaa ya mawe. Lakini gesi hiyo ni methani, na methani ikivuja kisimani au katika bomba kabla ya kuchomwa, nguvu yake ya kuipasha dunia joto katika miaka 20 huzidi ile ya hewa ya ukaa mara 80. Uganda yenyewe ilikwisha kuonja mzaha wa jambo hili. Visima vya Turaco katika bonde la Semliki, vilivyochimbwa kati ya mwaka 2002 na 2004, vilitoa gesi kweli, lakini sehemu kubwa ya gesi hiyo ilikuwa hewa ya ukaa isiyowaka hata kwa kiberiti.

Njia ya pili ilikuwa imeanza pale pale West Nile, kwa kiasi kidogo. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECo ilipewa kazi ya kugawa umeme katika eneo hilo. Ilianza na mtambo wa mafuta mazito wa megawati 1.5 mjini Arua, huku ikitazamia kujenga kituo cha maji katika mto Nyagak, karibu na Paidha. Mfuko wa hewa ya ukaa wa Benki ya Dunia ulikubali kuchangia kwa sababu umeme huo ungechukua nafasi ya mamia ya jenereta ndogo za madukani. Ujenzi ulichelewa mno, na kituo cha megawati 3.5 hakikufunguliwa mpaka mwaka 2012. Miaka yote ya kungoja, mtambo wa Arua uliendelea kula mafuta yaletwayo na malori. Hata Nyagak ilipoanza, mitambo yake iliharibika mara kwa mara, na mji ukarudi gizani.

Mto peke yake si mkombozi kamili. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalipopungua, Uganda ililazimika kukodi jenereta kubwa za dizeli kwa gharama iliyoumiza hazina. Kwa hiyo kituo cha Karuma cha megawati 600, kilichozinduliwa rasmi mwezi wa Septemba 2024, kinahitaji mvua kama kilivyohitaji saruji. Jua halina shaka hiyo. Katika kambi za Rhino Camp na Imvepi, ambako wakimbizi wa Sudan Kusini walimiminika baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, maji ya kunywa yaliletwa kwanza kwa malori yenye matangi, yakichoma dizeli kila siku. Baadaye pampu za nguvu za jua zilifungwa katika visima, na malori hayo yakapungua. Hakuna msafara unaohitajika kuulinda mwanga wa jua.

Liko jambo moja ambalo nyaya za mwaka 2024 hazikuligusa. Nyumba nyingi za Arua na Koboko zinapika kwa kuni na mkaa kama zilivyopika mwaka 1954. Miti ilikatwa kukaushia tumbaku, ikakatwa tena kujengea kambi na kupikia wakimbizi, na ikakatwa zaidi kwa mkaa uuzwao Kampala. Mwezi wa Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku ukataji wa miti kwa biashara ya mkaa kaskazini na kaskazini-mashariki mwa nchi, na kazi ya kuitekeleza ikawaangukia askari. Magari yamekamatwa, na mengine yamepita. Mwanamke wa Koboko anayenunua fungu la mkaa kwa fedha za siku moja hana fedha za jiko la umeme, wala bei ya umeme haijamfikia. Polisi anayesimamisha lori barabarani na kuinua magunia ya mahindi ili atazame kilichofichwa chini yake anafanya kazi ile ile aliyoifanya mwenzake miaka 30 iliyopita, alipokuwa akitafuta madumu.