Polisi wa Bujumbura na jicho la kamera

Mjadala wa kuwavisha polisi kamera kifuani umeenea kila pembe ya dunia, na msomaji wa Bujumbura ana haki ya kuuliza ungetusaidia nini sisi. Binafsi naanzia Kigobe, kwenye jumba la Bunge, mwaka 2013.

Tarehe 4 Juni mwaka huo Burundi ilipata sheria mpya ya vyombo vya habari, ambayo kati ya mambo mengine ilipunguza kinga ya mwandishi juu ya vyanzo vyake. Chama cha waandishi kilikwenda Arusha kuishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na kikashinda: baadhi ya vifungu, mahakama ikasema, vilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Hukumu hiyo ilisomwa tarehe 15 Mei 2015. Hapakuwa na wa kushangilia. Siku mbili nyuma Jenerali Godefroid Niyombare alikuwa ametangaza kumpindua Rais Pierre Nkurunziza, jaribio likashindwa, na katika vurugu za tarehe 13 na 14 studio za RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zikaharibiwa. Rema FM, iliyokuwa karibu na chama tawala, nayo ilishambuliwa, ila na waliompinga Rais.

Polisi waliokuwa barabarani siku hizo walikuwa jeshi changa. Polisi ya Taifa ya Burundi iliundwa kwa sheria ya mwishoni mwa 2004, tunda la mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000, ikiwachanganya askari wa zamani wa jandarmeri na wapiganaji waliotoka msituni. Waholanzi na Wabelgiji walitoa fedha na walimu kwa miaka kadhaa. Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Nkurunziza yalipoanza tarehe 26 Aprili 2015, mafunzo hayo hayakuzuia risasi za moto Musaga wala Cibitoke, na wafadhili wakasimamisha msaada wao kwa polisi mwaka huohuo.

Kilichozimwa mapema kuliko vyote ni macho na masikio. Redio zilikatazwa kutangaza moja kwa moja kutoka kwenye maandamano, na baada ya siku chache WhatsApp na Facebook zikafungwa kwenye simu. Watu waliendelea kupiga picha hivyo hivyo, na kundi la waandishi waliobaki bila studio wakaanzisha SOS Médias Burundi mtandaoni. Kubeba kamera, hata ya serikali, hakukuwa kinga: tarehe 13 Oktoba 2015 Christophe Nkezabahizi, mpiga picha wa televisheni ya taifa, aliuawa Ngagara pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Polisi walisema alinaswa katikati ya mapigano. Mashahidi waliwanyoshea kidole polisi wenyewe.

Kisha ikaja Desemba. Kambi za jeshi zilishambuliwa tarehe 11, na kesho yake wakazi wa Nyakabiga na Musaga wakakuta maiti barabarani. Mwishoni mwa Januari 2016 Amnesty International ilitoa picha za setilaiti za Buringa, nje kidogo ya jiji, zikionyesha udongo uliofukuliwa, na ikasema zinalingana na video pamoja na maelezo ya mashahidi kuhusu makaburi ya pamoja. Setilaiti haivunjwi kwa kitako cha bunduki. Desemba 2018 BBC nayo ikachambua video ya nyumba moja ya Bujumbura iliyokuwa ikitoa kioevu chekundu mtaroni, ikidai ni nyumba ya mateso. Serikali ilikanusha, na Machi 2019 baraza la habari, CNC, likaifutia BBC leseni. Marufuku hiyo iliondolewa 2022.

Sasa tuitazame kamera yenyewe. Ni kijisanduku cha kubana kifuani, chenye kitufe ambacho askari ndiye anayekibonyeza. Uingereza iliijaribu Plymouth tangu 2005. Huko Rialto, California, jaribio lililoanza 2012 lilileta sifa kubwa: malalamiko ya wananchi yalishuka kutoka 24 kwa mwaka hadi 3. Washington ikajaribu kwa askari zaidi ya 2,000, na matokeo ya 2017 hayakuonyesha tofauti ya maana.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Baltimore, mwaka 2017. Aina ya kamera waliyovaa polisi wa huko huhifadhi sekunde 30 kabla ya kitufe kubonyezwa, bila sauti. Askari mmoja aliweka mfuko wa dawa za kulevya kwenye takataka, akatoka hadi barabarani, akawasha kamera, akarudi "kuugundua". Alisahau zile sekunde 30. Lakini mkanda haukujifichua wenyewe: uliibuliwa na ofisi ya mawakili wa utetezi, ambayo ilikuwa na haki ya kuupata. Chicago, video ya polisi ikimwonyesha kijana Laquan McDonald akipigwa risasi 2014 ilikaa kabatini zaidi ya mwaka, hadi hakimu alipoamuru itolewe.

Kwa jirani zetu, Nairobi, Juni 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani na askari mbele ya kamera za waandishi. Askari huyo alishtakiwa kwa mauaji. Picha hazikutoka kifuani mwa polisi yeyote, na zilikuta mamlaka ya kiraia ya kusimamia polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 na yenye uwezo wa kuchunguza askari. Burundi nayo iliunda tume yake ya haki za binadamu, CNIDH, mwaka huohuo wa 2011, ila hiyo ina mambo mengi mezani na polisi ni moja tu kati yake.

Kwa hiyo siku mswada wa kamera ukifika Kigobe, pengine ukiwa na zawadi ya mfadhili, nitaruka kurasa za bei na idadi. Nitatafuta kifungu kinachosema nani mwingine zaidi ya kamanda anaweza kufungua hifadhi ya picha, kwa muda gani, na askari aliyezima kamera katikati ya tukio atachukuliwa hatua gani. Kifungu hicho kisipokuwepo, wabunge waurudishe wizarani.