Sala na Maji ya Kunawa

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, mjini Arusha, aliyerejea kutoka Ubelgiji. Kesho yake ikaagizwa shule zifungwe. Nyumba za ibada zilibaki wazi. Tarehe 17 hadi 19 Aprili taifa liliitwa kusali. Watu walijifukiza, wakanawa kwa ndoo milangoni. Mwezi Mei takwimu zilikoma kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, hofu haikukoma. Mwaka 2021 wengi waliutaja ugonjwa huo kama “changamoto ya upumuaji”. Januari hiyo Baraza la Maaskofu Katoliki liliwaonya waamini wajihadhari. Ndugu wa Sibwesa, sala haikatazi kunawa, wala ukimya hauponyi. Tuwaombee marehemu wetu.