REPOA katika mwaka wa korona

REPOA ni taasisi huru ya utafiti wa sera za uchumi na jamii, yenye makao Dar es Salaam. Ilianzishwa mwaka 1994 ili kuchunguza umaskini na njia za kuupunguza.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa, lakini wananchi hawakufungiwa majumbani kama Kenya na Uganda zilivyofanya kwa viwango tofauti. Kazi ya watafiti wa sera, REPOA ikiwamo, ikawa kupima hasara iliyopitia milango mingine. Utalii ndio ulioumia zaidi: wageni walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867. Ukuaji wa uchumi ulipungua kutoka asilimia 7.0 hadi 4.8.

Takwimu za taifa, hata hivyo, hazionyeshi Makambako. Mji huu wa mkoa wa Njombe unaishi kwa njia panda: barabara ya Tunduma inaachana hapo na ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita. Mei 2020 Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, kwa siku kadhaa, malori yalikwama. Kwa mama lishe, dereva asiyepita ni sahani isiyouzwa. Mkulima wa Njombe naye, mwenye lumbesa za viazi mviringo zilizoshonwa tayari kando ya barabara, hutegemea lori pia. Utafiti wa sera unaostahili jina hilo huanzia kwa watu hawa.