Skuli ya Uani



Barua nyingi zinazoletwa kwenye kipindi hiki huuliza mambo ya kale: nani alijenga jumba hili, lini lilivunjwa soko lile. Wiki hii nimepokea moja isiyouliza historia hata kidogo, nami nitaijibu kwa historia, maana ndiyo bidhaa pekee iliyomo dukani mwangu. Mama mmoja wa shamba, ambaye kaomba nisimtaje yeye wala kijiji chake, ana mtoto wa miaka tisa, mzito wa kusema na mzito wa kufahamu. Skuli alikaa miaka miwili, kisha akarejeshwa kwa maneno laini: akae nyumbani apumzike. Mama anauliza, "Akishapumzika, halafu afanye nini?"

Jibu langu ni kwamba afundishwe hapo hapo nyumbani, huku wazee wake wanaendelea kudai nafasi yake skuli. Najua wapo kati yenu watakaosema: mama wa watu kaishia darasa la saba, atamfundisha nini mtoto aliyewashinda walimu wenye vyeti? Hapo ndipo ninapotaka turejee nyuma kidogo.

Mwaka 1844, katika jumba la Mtoni, mwendo mfupi kaskazini ya Mji Mkongwe, alizaliwa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Mengi yake mnayajua: alivyompenda Mjerumani, alivyoondoka Unguja mwaka 1866, na kitabu cha maisha yake kilichochapishwa Berlin mwaka 1886. Wachache wanaokumbuka alivyoeleza humo habari za masomo yake. Zama zile mtoto wa kike, hata akiwa wa mfalme, alifundishwa kusoma Kurani lakini kuandika hakufundishwa. Kalamu ilikuwa ya wanaume. Salme akajifunza kwa siri. Msahafu aliufanya kielelezo, mfupa bapa wa bega la ngamia akaufanya ubao, akawa ananakili herufi moja moja mpaka mkono ukazoea. Baadaye akampata mtumwa mmoja mjuzi wa kuandika, akamnyoosha mwandiko.

Mtaniambia Salme alikuwa na akili zake timamu na jumba zima la watumishi. Kweli. Lakini skuli hakuwa nayo, ruhusa hakuwa nayo, na aliyemnyoosha mkono alikuwa mtumwa ambaye hakuna aliyemwita mwalimu. Kitabu kinachosomwa mpaka leo duniani kilianzia kwenye mfupa, ndani ya nyumba. Basi tusiudharau ua wa nyumba.

Na vyuo vyetu vya Kurani, ambavyo vingi vilikuwa barazani au ukumbini kwa mwalimu, vilikuwa na jambo moja ambalo wataalamu wa leo wanalitafuta kwa taa. Hapakuwa na darasa la kwanza wala la pili. Huyu yuko kwenye alifu na bee, yule anaunganisha, wa tatu kashafika mbele na anamshikia kijiti mdogo wake. Chuoni kwetu mtoto mzito alibaki pale pale mwezi, hata miezi mitatu, na hapana aliyemwambia kafeli kwa sababu hapakuwa na cha kufeli. Asiyeona alihifadhi kwa sikio, na wengine wakawapita wenye macho. Sitaki kuipaka rangi hadithi hii. Bakora ilikuwepo, naikumbuka vizuri, na mtoto kiziwi hakuwa na lake pale kwani kila kitu kilipita sikioni.

Nje ya chuo mambo yalikuwa magumu zaidi, na lugha yetu wenyewe inatoa ushahidi. Kipofu, kiziwi, kilema, kiwete: maneno yote hayo yamevaa ki- ile ile ya kiti na kijiko, ingawa tunapoyatia kwenye sentensi tunakumbuka ubinadamu na kusema kipofu amekuja. Taahira na punguani hayana ki-, lakini sijui kama hayo ni nafuu. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi aliwekwa chumba cha ndani wageni wanapopiga hodi. Wengine waliona haya, wengine waliogopa maneno ya watu, na wengine, tuseme kweli, waliogopa posa za dada zake. Mtoto alilishwa, alioshwa, alipendwa pia, lakini hakufundishwa. Kulishwa na kufundishwa ni mambo mawili, na nyumba nyingi zilisimama kwenye la kwanza.

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Kabla ya hapo skuli zilikuwa na milango kwa rangi na kwa mfuko. Tangazo lile liliingiza darasani watoto ambao wazee wao hawakuwahi kuliona darasa, na kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa kwa haki yake. Lakini skuli ya watu wengi ina tabia zake: darasa moja, kitabu kimoja, mtihani mmoja, kengele moja. Mtoto asiyekwenda na kengele alirejea alikotoka, yaani chumba cha ndani. Bara kulikuwa na skuli maalumu chache, kama ile ya wasioona Buigiri iliyoanza mwaka 1950 na ile ya viziwi Tabora ya mwaka 1963. Mtoto mwenye ulemavu wa akili alingoja zaidi. Darasa lake, Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, lilianza mwaka 1982. Kwa mzazi wa Makunduchi au Nungwi yote hayo yalikuwa ng'ambo ya bahari.

Sasa niruhusuni niwapeleke mbali kidogo, Ufaransa, kwani huko ndiko kulikoandikwa habari ya kwanza mashuhuri ya kumfundisha mtoto wa aina hii. Mwaka 1800 alipatikana mvulana aliyekuwa akiishi porini, hasemi, havai. Alipelekwa Paris kwenye skuli ya viziwi, na daktari kijana aitwaye Jean Itard akachukua jukumu la kumfundisha. Wakampa jina la Victor. Itard alijaribu kwa takriban miaka mitano, aliandika ripoti zilizosomwa Ulaya nzima, kisha akachoka, kwa sababu kusema hakukuja. Siku moja, katika siku za mwanzo, Victor alichukua mwenyewe herufi nne za chuma za neno la Kifaransa la maziwa, akatia mfukoni, na alipofika nyumba aliyozoea kupewa maziwa akazipanga mezani kwa mpango wake sawasawa. Hakuna aliyemtuma.

Vitabu humtaja sana Itard. Mimi namtaka Bibi Guérin, mwanamke aliyekuwa akimlea Victor nyumbani, akimlisha, akimtembeza, akikaa naye mezani. Daktari alipoondoka yeye alibaki, na Victor aliishi kwake mpaka alipokufa mwaka 1828. Ripoti hakuandika. Na kazi ya Itard haikupotea: ilirithiwa na mwanafunzi wake Séguin, ikamfikia daktari wa Kitaliana, Maria Montessori, aliyewafundisha kwanza watoto wenye ulemavu wa akili, kisha mwaka 1907 akafungua nyumba ya watoto mjini Rome. Zile herufi za karatasi ya msasa ambazo watoto wa chekechea huzipitishia vidole zimetoka kwa watoto waliosemwa hawafundishiki. Sisi tuna mchanga wa pwani bure, na sinia ya mchanga uani hufanya kazi ile ile.

Aliyekuja kumtambua Bibi Guérin, kama naweza kusema hivyo, ni watu wa mji mdogo uitwao Portage, jimbo la Wisconsin, Marekani, mwaka 1969. Nyumba zao za mashamba zilikuwa mbalimbali na skuli maalumu haikuwezekana, basi wakaigeuza kazi. Mwalimu alikwenda nyumbani mara moja kwa wiki, akakaa na mama, wakachagua jambo dogo ambalo mtoto alikaribia kuliweza, akaonyesha namna ya kulifundisha na kuacha karatasi ya kutia alama kila siku. Wiki ya pili alirudi kutazama. Siku zote za katikati mwalimu alikuwa mama. Mpango huo umeenea nchi nyingi kwa jina la mji ule, na kiini chake hakihitaji mashine wala dola.

Hapa Visiwani mwamko ulianza na wenyewe. Mwaka 1985 uliundwa umoja ambao leo unaitwa Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, na mtaona hilo neno "watu" lilivyowekwa mbele. Mwaka 1999 ikaja Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili, ZAPDD, ambayo wazazi ndio wamekuwa nguzo yake, ikisaidiwa na chama cha wenzao wa Norway. Kwangu mimi huo ndio mwaka wa kukumbukwa, kwa sababu mama aliyekuwa akificha alikutana na mama mwingine aliyekuwa akificha, wakaulizana wenu anakulaje, wenu analalaje. Serikali nayo ilikuja. Dunia ilikuwa imeshakutana Salamanca, Spania, mwezi Juni 1994, serikali 92 zikakubaliana kwamba skuli ya kawaida ndiyo ya watoto wote. Mwaka 2004 Wizara yetu ya Elimu ikaanza majaribio ya elimu mjumuisho, na mwaka 2006 ikapatikana sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo, mama uliyeniandikia, mwanao ana haki ya dawati. Mpumzisheni si neno la kisheria.

Lakini dawati ni saa chache, na mtoto anaishi siku nzima. Mpwa wangu, aliyekulia Ng'ambo, alirudishwa na skuli moja akiwa na miaka minane. Bibi yake, ambaye Portage angedhani ni aina ya biskuti, alimchukua yeye. Alianza na shati. Vifungo vyote alifunga bibi, akamwachia cha mwisho tu. Mtoto alipokiweza akaachiwa viwili vya mwisho, kisha vitatu. Kila siku kazi ilimalizikia mkononi mwa mtoto, na sifa alipata yeye. Wataalamu wana jina refu la jambo hili. Kuhesabu alimfundisha kwa kete za bao: moja shimoni, mbili shimoni, bila ya haraka, alasiri baada ya alasiri. Miezi mingine hakuna kilichosonga. Jambo aliloling'ang'ania kuliko yote lilikuwa jina kamili la mtoto, jina la mtaa na jina la mwenye duka la jirani. Yalisemwa asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala, kwa karibu mwaka mzima.

Siku ya pili ya Sikukuu, katika msongamano wa Mnazi Mmoja, mtoto akatupotea. Tulimtafuta mpaka Darajani, mpaka Forodhani, mama yake kashapoteza sauti. Baada ya Isha kijana mmoja tusiyemjua alimleta mlangoni kwa mkono. Alisema alimkuta amekaa kwenye ngazi, na kila alipomuuliza alijibiwa maneno matatu yale yale kwa mpango ule ule. Jina, mtaa, duka.

Kwa hiyo usianze na vitabu, mama. Anza na kitu kimoja atakachokihitaji mtoto akiwa hayuko nawe. Kivunje vipande, vidogo kuliko unavyodhani vinatosha. Wanawake wa Bwejuu na Paje hawana haja ya kufundishwa hili: asukaye ukili au asokotaye kamba ya makumbi hamkabidhi mtoto kazi nzima, humpa kushika ncha. Kuchagua mchele, kupanga mafungu ya ndimu, kwenda dukani na shilingi za kitu kimoja, yote ni masomo ikiwa mtu mmoja atakuwa na subira na wengine ukumbini watajizuia kumfanyia.

Redio nayo ilijaribu, na nitajisifu kidogo kwa niaba ya chombo changu. Kuanzia mwaka 2006 mradi wa RISE ulitangaza masomo ya Tucheze Tujifunze kwa wadogo wa Unguja na Pemba. Sauti redioni iliuliza, ikanyamaza, watoto wakajibu wakiruka na kupiga makofi. Mwaka 2020 skuli zilipofungwa kwa maradhi ya korona, masomo yalirudi hewani, na kila nyumba ikaonja kazi ya mwalimu. Mzazi wa mtoto kiziwi hakuonja kitu, redio haina la kumpa.

Ninalolitaka sasa ni dogo, na nalisema kwa wanaopanga bajeti. Tuna sera na tuna walimu wachache waliosomea kazi hii. Tunachokosa ni yule mgeni wa kila wiki, mtu wa kugonga mlango wa mama yule wa shamba, akakaa kwenye mkeka saa moja, akauliza wiki hii mmefika wapi. Baiskeli na nauli vinatosha. Mpaka atakapokuja, mama, nunua daftari la mistari, andika tarehe, na chini yake andika kifungo gani kafunga mwenyewe leo.