Injini ya Jeti Ilizaliwa Lini? Hoja ya Majaribio Dhidi ya Hoja ya Kalenda

Mjadala kuhusu chanzo cha injini ya jeti umezoea kuamuliwa kwa tarehe. Mwingereza Frank Whittle aliomba hataza ya uvumbuzi wake Januari 1930. Mjerumani Hans von Ohain akamtangulia angani, kwani ndege ya Heinkel He 178 iliruka tarehe 27 Agosti 1939, ilhali ile yenye injini ya Whittle ilisubiri hadi 15 Mei 1941. Wako wanaompa taji huyu, wako wanaompa yule. Nashikilia kwamba tarehe hizo zinatueleza machache mno. Wazo lenyewe halikuwa adimu. Mfaransa Maxime Guillaume alikwisha kulisajili mwaka 1921. Kilichokosekana ni moto uliotulia na metali yenye uvumilivu, na hivyo viwili havikupatikana kwenye karatasi.

Kanuni yake ni nyepesi kuieleza. Kompresa huvuta hewa na kuishindilia, mafuta huchomwa katika hewa hiyo, gesi ya moto huzungusha turbini inayoiendesha kompresa, na nguvu inayosalia hutoka kwa nyuma na kuisukuma ndege. Kazi iko katika kuudumisha mwali ndani ya mkondo wa hewa uendao kasi. Whittle alilikabili jambo hilo tangu siku ya kwanza kwa kutumia mafuta ya kimiminika. Injini yake ilipowashwa Rugby tarehe 12 Aprili 1937, iliongeza kasi yenyewe huku ikipiga ukelele, na waliokuwapo wakatimua mbio. Whittle alifunga vali ya mafuta, lakini injini ikazidi kwenda kasi. Uchunguzi ulionyesha kwamba mafuta yalikuwa yamevuja na kutuama ndani ya chumba cha mwako, yakawa yanaiendesha injini ingawa vali ilikuwa imefungwa. Tatizo la mwako liliendelea kumtesa hadi 1940, alipopata kichomeo kilichobuniwa na Isaac Lubbock wa kampuni ya Shell.

Von Ohain alipita njia nyingine. Mtambo wake wa maonyesho wa 1937 ulichoma hidrojeni, gesi inayowaka kwa wepesi mkubwa. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa ulimpa mfadhili wake, Ernst Heinkel, ushahidi wa kuonekana kwa macho. Hata hivyo, tatizo la mwako liliahirishwa tu. Kuyalinganisha majaribio hayo mawili ya 1937 kana kwamba yalipima kitu kimoja ni kosa la kimbinu.

Upande wa metali unadhihirika zaidi katika Jumo 004, injini ya ndegevita Me 262 iliyosanifiwa na Anselm Franz katika kampuni ya Junkers. Ujerumani ilikuwa na uhaba wa nikeli, kobalti na kromiamu, basi Franz akalazimika kutumia vyuma hafifu na kuvipoza kwa hewa. Mwaka 1943 mapanga ya turbini yalianza kukatika kwa mtetemo. Aliitwa mwanamuziki mwenye sikio kali, akayapitishia mapanga hayo upinde wa fidla ili kutambua mlio wa asili wa kila moja. Kisha mapanga yakafupishwa kwa milimita 1, umbo lake likabadilishwa kidogo, na kasi ya juu ya injini ikashushwa kutoka mizunguko 9,000 kwa dakika hadi 8,700. Kwangu mimi, alasiri moja ya upinde ule ina uzito kuliko hataza nyingi.

Kipimo kinachostahili ni saa ambazo injini iliweza kufanya kazi. Jumo 004 ilidumu kwa takriban saa 10 hadi 25. Welland ya Rolls-Royce, iliyotokana na kazi ya Whittle na kuingia vitani na ndege za Meteor mwaka 1944, iliruhusiwa kufanya kazi kwa saa 180 kabla ya kufunguliwa kwa matengenezo makubwa.